Dume la Thelma Sugden

Wifi yangu Gaynor Ormerod hakuanza kufuga paka kwa ajili ya kisasi. Alianza kwa sababu kaka yangu Roy alikuwa amefariki, watoto wamehama, na nyumba yao pale Todmorden, kaskazini mwa Uingereza, ilikuwa kimya kiasi kwamba aliwasha redio hata akienda kuoga. Alikuwa na saluni ya nywele, mikono yake haikuwahi kukaa bure, akaona paka wa Kiajemi, wale wa manyoya marefu na pua zilizobonyea, wangempa kazi ya jioni.

Alikwenda moja kwa moja kwa Thelma Sugden, kama alivyokwenda kila mtu. Thelma alikuwa amezalisha paka hao tangu Gaynor yuko shule. Alikuwa jaji wa maonyesho ya paka, na dume lake Sultan lilikuwa limezagaza watoto kaskazini yote. Alimuuzia Gaynor mmoja wa mabinti wa Sultan, rangi ya moshi, jina lake Marigold, akamwambia kwamba damu bora kuliko hiyo hataipata popote.

Marigold alikuwa mpole hadi anachekesha. Ukimchana upande mmoja, anajigeuza mwenyewe umchane wa pili. Alipofika umri wa kuzaa alipelekwa kwa dume, akashika mimba, na Gaynor akaanza kutandika sanduku la kuzalia. Kisha Marigold akaacha kula. Akawa anakunywa maji tu, anakunywa na kunywa, na kabla siku zake hazijatimia akafa na watoto wote tumboni.

Daktari wa wanyama alimpasua, akamwonyesha Gaynor figo. Zilikuwa zimejaa vifuko vya maji kama kichala cha zabibu. Alimweleza kwamba ugonjwa huo ni wa kurithi na kwamba hauruki kizazi: lazima mmoja wa wazazi awe nao.

Gaynor alimpigia Thelma simu, si kwa ugomvi, bali kumtahadharisha. Thelma alikata simu. Kwenye mkutano uliofuata wa klabu ya wafuga paka, katika ukumbi wa kanisa, watu wakiwa na vikombe vya chai mkononi, Thelma alimgeukia mbele ya wote.

"Gaynor, mpenzi," akasema kwa sauti tamu, "usihangaike kutafuta wa kumlaumu. Kuna watu hawakuumbiwa kufuga. Wewe jaribu samaki, na hata hao anza na mmoja kwanza."

Watu walicheka huku wakiangalia vikombe vyao. Gaynor alitoka kwenye mvua bila koti. Nilimfuata hadi kituo cha basi, nikamkuta amesimama, nywele zimemganda usoni, hata halii.

"Yale maneno atayameza," akaniambia. "Mbele ya walewale waliocheka."

Huko Hebden Bridge aliishi mzee Clifford Akroyd, mfugaji wa siku nyingi aliyejitoa kwenye klabu baada ya kukorofishana na Thelma. Gaynor alimwendea akamwomba amfundishe. Mzee alimuuliza kwanza.

"Unataka paka, au unataka kichwa cha Thelma?"

"Vyote viwili."

"Basi anza na paka, mwanangu. Ukizalisha wabovu, kisasi chako hakitatembea hata hatua moja."

Alimkataza kununua paka yeyote kwa mwaka mzima. Gaynor akawa mtu wa kufagia vizimba vya mzee, kuosha macho ya paka wake kila asubuhi kabla ya kufungua saluni, na kukaa naye majike yakizaa. Alijifunza lini aingilie na lini atulize mikono. Mwaka ulipokwisha, mzee alimtafutia jike kutoka Finland, rangi ya krimu, kwa mfugaji ambaye paka wake wote walikuwa wamepimwa figo. Jina lake Clover. Gaynor alimpima tena mwenyewe. Hakumwamini mtu.

Clover alipoanza kuita dume, alilia hadi majirani wakagonga ukuta. Gaynor hakumpeleka. Alisema huyu bado mtoto, acha mifupa ikomae. Hata wakati ulipofika, hakuchagua dume la kutajika. Alichagua la kule Wales ambalo tepe zake za ushindi ni chache, lakini figo zake safi na tabia yake njema, akaendesha gari hadi huko kwenye ukungu.

Watoto walizaliwa wanne. Mmoja alitanguliza miguu na hakupumua. Gaynor alimsugua kwa taulo, akamsugua huku akimtukana Thelma kwa sauti ya chini, hadi kile kitoto kikatoa mlio. Ndivyo alivyofanya kila kitu. Alikuwa mwangalifu kama muuguzi, lakini hasira ndiyo iliyomwamsha. Aliniambia kwamba anapochana manyoya huwa anazungumza na Thelma kichwani, na Thelma hapati nafasi ya kujibu.

Hakumwachia mtoto yeyote aondoke kabla ya miezi mitatu na chanjo zote. Wanunuzi aliwahoji hadi nikamwambia kwamba hata mchumba wa binti yangu hakuhojiwa hivyo. Yule ambaye hakukusudiwa kuzaa alihasiwa kabla hajatoka nyumbani. Na kila mnunuzi aliambiwa jambo moja: ukishindwa, hata baada ya miaka kumi, mrudishe kwangu.

Binti wa Clover alipofikisha umri alimpeleka kwenye maonyesho ya Halifax. Kule kwetu vizimba vyote hutandikwa nyeupe na jaji hajui paka ni wa nani, kwa hiyo hapana pa kusingizia. Binti wa Clover alimshinda mjukuu wa Sultan. Thelma alisimama mbele ya kile kizimba chenye utepe, akakitazama, akaondoka.

Lakini ushindi huo haukumtosha Gaynor, na wala si uliomwangusha Thelma. Kilichomwangusha ni figo. Watoto wa Sultan walikuwa wanakufa, mmoja Rochdale, mwingine Skipton, na watu wakaanza kunong'ona. Kisha Sultan mwenyewe akafa. Thelma aliwapima paka wake kwa siri, na karibu wote walikutwa na ugonjwa uleule.

Nilikuwa jikoni kwa Gaynor nikimenya viazi siku Thelma alipobisha hodi. Alikuwa amekonda. Hakuzunguka: alitaka mtoto wa kiume wa Clover, aanze upya. Gaynor alisubiri birika lichemke, akamimina chai, ndipo akamjibu.

"Utasimama kwenye mkutano. Utasema Marigold alikufa kwa nini, na uliniambia nini."

"Nikisema?"

"Utapata dume la Clover. Bora kuliko wote niliozalisha."

"Ni neno lako hilo?"

"Neno langu. Sijawahi kukuuzia uongo, Thelma."

Kwenye mkutano uliofuata Thelma alisimama. Ukumbi uleule, vikombe vilevile. Alisema Marigold alikufa kwa ugonjwa wa Sultan, na kwamba Gaynor hakuwa na kosa lolote. Angeweza kuishia hapo, lakini alishika kiti kilichokuwa mbele yake, akaongeza: "Na nilijua. Nilishampoteza mmoja kabla sijamuuza huyo."

Mama mmoja wa Rochdale akainuka nyuma. "Na Tansy wangu je? Ulijua?"

"Nilijua."

Akainuka mwingine, na mwingine. Gaynor alitaka aibu moja, akapata mahakama. Thelma aliwajibu wote, akimtaja kila paka kwa jina. Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa natazama sakafu, lakini Gaynor alikuwa anakula keki, kipande kizima, taratibu. Nilimuuliza kwa kunong'ona kama haoni huruma.

"Bado," akasema.

Kabla ya kumpeleka mtoto, alikagua nyumba ya Thelma kama ya mnunuzi mwingine yeyote. Alimuuliza atalala wapi, nani atabaki naye, daktari wake ni nani. Thelma, jaji mzima, alijibu kama mtoto wa shule. Wiki iliyofuata tulimpeleka Ambrose: kichwa kikubwa cha mviringo, macho ya shaba, manyoya kama sufi. Thelma alimpokea kwa mikono miwili. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akainua mkia.

"Amehasiwa."

"Ndiyo."

"Uliniahidi dume."

"Ni dume. Nilisema ni bora, na ni bora. Sikusema atazaa."

"Ulijua ninachotaka, Gaynor."

"Kama ulivyojua nilichotaka mimi nilipomnunua Marigold. Wewe hutazalisha tena, si kwa damu ya paka wangu."

Nilidhani atamrudisha. Lakini Ambrose alikuwa ameanza kupanda sweta yake, makucha yakinasa kwenye sufu, na Thelma alikuwa amemwekea kiganja chini ili asidondoke.  Akauliza, bila kuinua macho, asubuhi amezoea kula nini.

Tukiwa njiani kurudi, Gaynor alicheka hadi akalazimika kusimamisha gari kando. Mzee Clifford alipopata habari hakucheka. Alimwambia kwamba amemtendea haki paka na kumfanyia mtu uhuni, na hakuja kunywa chai kwake hadi majira ya baridi yalipopita. Gaynor alimjibu kwamba hata kesho angerudia.

Thelma aliwahasi paka wake wote waliobaki. Klabu ilipopiga kura kwamba asizalishwe paka wa Kiajemi ambaye hajapimwa figo, mikono ya Gaynor na Thelma iliinuka pamoja, kila mmoja upande wake wa ukumbi. Hawajasemezana tena. Ambrose huletwa kwenye maonyesho, katika daraja la waliohasiwa, na hushinda mara nyingi. Gaynor hupita kwenye kizimba chake, huingiza kidole kati ya nondo, humtazama macho, masikio na fizi, kama afanyavyo kwa kila paka aliyezaliwa mikononi mwake. Thelma huwapa mgongo hadi Gaynor amalize.