Nywele za Upande wa Baba

Katika nyumba ile wanawake wote walikuwa na nywele za aina moja, na Bibi alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia mashamba. Nywele nyeusi ti, nzito, zilizojikunja zikashikana, ambazo zingevunja meno ya chanuo kabla ya kukatika unywele mmoja. Kwa nywele za namna hiyo Bibi alikuwa na utaratibu wake, na haukuwa na mjadala. Jumamosi mchana mtoto anaketishwa chini, kichwa kinabanwa katikati ya magoti, nywele zinachanwa zikiwa kavu, zinapakwa mafuta mazito ya mgando, kisha zinafungwa kwa uzi mweusi na kukazwa mpaka nyusi zipande. Aliyelia aliambiwa anyamaze, hakuna aliyewahi kufa kwa kusukwa.

Hivyo ndivyo alivyowasuka binti zake wote, na wote wakatoka na nywele za kufika mabegani. Kwa hiyo alipoona kichwa cha mjukuu wake kinaanza kuonyesha ngozi juu ya masikio, hakushtuka hata kidogo. Mjukuu huyo alikuwa msichana wa miaka saba, aliyepewa jina la Kifungo kwa sababu alizaliwa kadogo na kaduara kama kifungo cha shati. Bibi alikaza uzi zaidi.

"Nywele zake zina uvivu tu," alisema. "Ni zetu hizi. Zitashika adabu."

Hapo ndipo penye kichekesho, kama una moyo wa kucheka. Yeyote mwenye macho mawili aliona kuwa nywele za Kifungo hazikuwa za nyumba ile. Zilikuwa chache, nyembamba, laini kama pamba iliyochambuliwa, na juani zilielekea rangi ya kahawia. Mafuta ya Bibi yalizilemea, chanuo lilizing'oa, uzi ukamalizia zilizobaki. Majirani waliona. Mwalimu aliona. Lakini kila mmoja alivaa miwani ya mbao, maana kusema nywele zile si za upande huu kungekuwa kusema kwamba upo upande mwingine, na upande mwingine ulikuwa umepigwa marufuku.

Upande huo ulikuwa wa fundi redio mmoja, mtu mpole, mrefu, aliyemwoa binti wa mwisho wa Bibi. Mke akiwa na mimba changa, fundi aliondoka kwenda kutafuta kazi mbali, na mwaka mzima haikuja salamu wala shilingi. Mtoto alizaliwa kwa Bibi. Bibi akaapa kwamba mwanamume yule kwao amekufa, na jina lake asilisikie tena chini ya paa lake. Fundi aliporudi, akaja mlangoni mara kadhaa, Bibi ndiye aliyetoka nje kuzungumza naye. Binti alibaki chumbani, mtoto mapajani, akiisikia ile sauti ya chini ikisema taratibu, wala hakutoka. Alikuwa na hasira, na alitaka fundi abembeleze zaidi. Baadaye sauti haikuja tena, naye akajiambia: unaona, hakutupenda.

Sasa watu walimwita Mama Kifungo. Alifanya kazi kwa dobi, kwenye chumba cha kupigia pasi, akinyoosha mashuka ya nyumba za wageni. Shuka baada ya shuka, mvuke ukimpanda usoni, mikono yake ikijua bila kufikiri kitambaa kipi kinataka moto mkali na kipi kitaungua. Pamba ilikuwa na moto wake, hariri moto wake, na aliyechanganya alikatwa mshahara. Miaka saba alikuwa akifanya kazi hiyo, na siku zote hizo hakuwahi kujiuliza chochote kuhusu kichwa cha mwanawe.

Kilichomzindua kilikuwa ndani ya soksi. Asubuhi moja alikuwa akitandika kitanda cha Kifungo, akaikuta soksi kuukuu chini ya godoro, imetuna. Akaimimina mkononi. Zilikuwa nywele, vifundo vidogo vidogo vya nywele za kahawia, vingine bado vina mafuta.

"Nini hiki, mwanangu?"

Kifungo alikuwa mlangoni, amevaa sweta lenye kofia ingawa jua lilikuwa kali. Siku hizo halikumtoka mwilini, kwa kuwa shuleni walikuwa wamempa jina jingine, Kipara.

"Nazitunza," alisema. "Zikikatika naziokota. Zikijaa utanishonea, si ndiyo, Mama?"

Mama Kifungo aliketi kitandani. Akavirudisha vile vifundo ndani ya soksi, kimoja kimoja.

Siku hiyo hiyo alimpeleka zahanati. Muuguzi, mama wa makamo asiye na haraka, alimgeuza mtoto kichwa huku na huku karibu na dirisha, akapapasa juu ya masikio, akanusa vidole vyake.

"Hana ugonjwa," alisema. "Mmezibebesha nywele hizi mzigo usio wake. Mafuta kama ya kulainisha ngozi ya mguu, na mtu anakaza kama anafunga gunia. Huyu ana nywele nyepesi. Ukiendelea hivi, hapa pembeni hazitaota tena, nakwambia ukweli. Kwenu nani ana nywele kama hizi?"

"Hakuna."

"Haziwezi kutoka hewani, dada. Mtafute mwenye nazo, umuulize anazitunzaje. Huyo ndiye daktari wake."

Mama Kifungo alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Usiku alimwambia Bibi alichoambiwa. Bibi akasonya. "Muuguzi kasomea sindano. Kichwa cha mjukuu wangu anakijua zaidi yangu?" Mazungumzo yakaishia hapo. Lakini Jumamosi ilipofika, Bibi alipotoa kopo la mafuta na uzi, Kifungo hakuwepo. Mama yake alikuwa amepiga moyo konde, akamshika mkono, wakatoka bila kuaga.

Dada yake fundi alikuwa mshonaji, na chumba chake kilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, vipande vya kitambaa sakafuni na cherehani mbele ya dirisha. Alipomwona aliyesimama mlangoni, mguu wake ulisimama juu ya kanyagio. Wakatazamana. Mama Kifungo alikuwa na maneno aliyoyapanga njia nzima, na yote yakamponyoka.

"Wifi," akasema, neno ambalo hakuwa amelitumia kwa miaka saba. "Nimekuletea mtoto. Nywele zake zinaisha."

Mshonaji alinyanyuka, akamvua mtoto kofia ya sweta polepole, akaangalia. Kisha akakivuta kilemba chake mwenyewe, kikaanguka. Zilikuwa nywele zile zile, laini, chache, za kahawia, ila zake zilikuwa zimejaa hadi kwenye paji la uso, zimegawanywa mabutu manne makubwa yaliyolegea.

Kifungo alimkodolea macho. "Umechukua nywele zangu?" akauliza.

"Hapana, mama," mshonaji akasema. "Mimi ni shangazi yako. Mimi na wewe tumezipata mahali pamoja."

Alipasha maji, akayatia kwenye beseni, kisha akamtuma mtoto uani akachezee vitambaa. Ndipo Mama Kifungo akauliza, akijitahidi swali litoke kama la kawaida, "Na kaka yako? Yuko wapi siku hizi?"

Mshonaji alikiokota kilemba chake sakafuni.

"Hukuambiwa."

"Nini?"

"Tulimzika mwaka jana, wifi. Mapafu. Alilala humu humu ndani, kitanda kilikuwa pale penye meza ya kukatia." Alielekeza kwa mkono, mkono ukashuka. "Ile kazi aliyoifuata ilimtupa mapema. Aliona haya kurudi mikono mitupu, akakaa kimya akidhani atapata nyingine. Ujinga wake ndio huo, na aliulipia. Aliporudi mkamfungia mlango. Alipokufa, habari tungeileta mlango gani?"

Mama Kifungo alisikia kila neno. Hakulia wakati ule. Aliangalia meza ya kukatia, mkasi, chaki, kipande cha kitambaa cha buluu, akafikiri: nilikuwa nimekasirika tu. Miaka yote hii nilikuwa nimekasirika tu, nikisubiri aje tena. Alikuwa akimsubiri maiti.

"Mlete mtoto," mshonaji akasema mwishowe. "Maji yatapoa."

Alimfundisha kama mtu anayemfundisha kushona, bila kumwonea huruma. Maji ya uvuguvugu kwanza, mengi, mpaka mafuta yote ya zamani yatoke. Shampuu kidogo, isuguliwe kwa ncha za vidole kwenye ngozi, si kucha. Kisha dawa ya kulainisha, na hapo hapo nywele zikiwa zimelowa na zinateleza ndipo zinachambuliwa, kwa vidole, halafu kwa chanuo la meno mapana, kuanzia ncha kwenda juu. "Kamwe zisichanwe zikiwa kavu. Nywele zenu nyie zinastahimili, zetu hazina ubavu huo." Mafuta matone machache tu, mepesi. Mabutu makubwa, yalegee, mtoto aweze kucheka bila kuvutwa. Usiku kitambaa cha satini. Uzi, marufuku.

"Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Haya, fanya wewe. Mimi naangalia."

Mama Kifungo akachovya vidole. Mara nywele zilipomteleza mkononi, zikiwa zimelowa, alizijua. Zamani, kabla ya safari ile, alikuwa akimwosha fundi kichwa siku za mapumziko, mtu mrefu ameinama juu ya beseni, akilalamika maji ni ya moto. Mikono ilikumbuka kabla yake. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, yakadondokea humo humo kwenye povu, na hakuyazuia.

Jioni, njiani, alimwambia mtoto. Alichutama kando ya barabara wawe sawa kimo, akamwambia kwamba alikuwa na baba, kwamba baba huyo ndiye aliyempa nywele zile, na kwamba alikufa. Alisema yote kwa mkupuo, kwa sababu hakujua namna nyingine. Siku moja hiyo hiyo Kifungo alipata baba na akampoteza, na mama yake alimwonea uchungu usio na mfano.

"Kwa hiyo zikikatika, zilikuwa zinakatika za baba?"

"Ndiyo."

"Basi tusizikate tena," akasema Kifungo.

Nyumbani Bibi alikuwa barazani, kopo la mafuta miguuni, uzi umeshapimwa. Alipoyaona mabutu alielewa walikotoka, akakunja uso. Mama Kifungo hakumpa nafasi.

"Mama, hizi ni nywele za baba yake. Amekufa. Kuanzia leo nitaziosha mimi, kama kwao wanavyoziosha. Ukitaka tuhame, tutahama."

Bibi hakuwafukuza. Alichukua kopo lake, akaingia ndani, na kwa wiki nyingi hakusema neno juu ya kichwa cha mtoto, jambo ambalo kwa Bibi lilikuwa sawa na kufunga swaumu.

Kila Jumamosi mama aliweka beseni uani. Miezi ikapita, na juu ya masikio pakaanza kuota vijinywele kama vumbi, kisha kama manyoya ya kifaranga, kisha nywele kamili. Sehemu moja tu, juu ya sikio la kushoto, ilibaki tupu. Hiyo haikurudi. Watu walimpongeza Mama Kifungo, naye akaitikia asante huku moyo unamuuma, maana kadiri kichwa kilivyojaa, ndivyo mwanamume yule alivyozidi kurudi mbele ya macho yake, wiki baada ya wiki, na hakuna la kumwambia.

Jumamosi moja Bibi alitoka, akaweka kigoda karibu na beseni, akaketi. Alitazama vidole vya binti yake vikichambua nywele taratibu. Kifungo alikuwa ameinama, macho ameyafumba kwa ajili ya povu.

"Bibi," akasema kutoka humo kwenye beseni, "wewe ulimwona baba?"

Mama Kifungo alisimamisha mikono.

"Nilimwona," Bibi akasema.

"Alikuwaje?"

Bibi ndiye mtu pekee wa nyumba ile aliyesimama naye uso kwa uso tangu aliporudi safari.

"Alikuwa amevaa shati safi, limepigwa pasi. Siku ya mwisho alikuja na viatu vyako. Vidogo, vyekundu, vina kamba."

Binti yake alikuwa hajawahi kusikia habari ya viatu.

"Viko wapi?" Kifungo akauliza.

"Nilimrudishia."

Mtoto aliinua kichwa, maji yakimtiririka shingoni, akamtazama Bibi kwa jicho moja lililofunguka.

"Vingenitosha?"

Bibi alishika kona ya khanga yake, akaibana mdomoni, akaiachia.

"Siku ile vingekutosha, mjukuu wangu."

"Na sasa?"

"Sasa umekua," Bibi akasema. Kisha akalia kwa sauti, mwanamke mzima, mbele ya mtoto, na mama yake Kifungo akachota maji kwa kikombe, akaendelea kumsuuza mwanawe, kwa sababu povu lilikuwa bado halijatoka.