Sare za Seli

Kata nzima ya Igurwa ilimjua Placidia kwa jambo moja, na si la kujivunia: ndiye aliyechagua sare za harusi ya mdogo wake Vero. Ukoo mzima aliuvika manjano ya kuwaka, mashangazi wachache akawapa rangi ya machungwa iliyofifia. Wakamezwa na umati. Shangazi Costansia, aliyepaswa kumshika bibi harusi mkono, alitafutwa mpaka ndizi za karamu zikapoa.

Sasa huyohuyo ndiye aliyekabidhiwa kuchagua rangi katika maabara mpya ya utafiti, Karagwe. Damu hutiwa dawa ya kuamsha seli za kinga, kisha hupakwa rangi zinazong'aa: moja hunasa kwenye seli zote za kinga, nyingine kwenye zilizoamka tu. Mashine huzipitisha mojamoja kwenye mwanga na kusoma mng'ao wake. Daktari Rwegasira, bosi wake, alishasema wazi: jaribio likikwama tena, mashine inahamia Mwanza. Placidia aliipenda mashine ile kuliko alivyothubutu kusema.

Damu ya majaribio aliitoa Shangazi Costansia, kwa sharti la kupewa soda.

Asubuhi ile kompyuta ilijaa wingu la nukta za manjano, kila nukta seli moja. Seli zilizoamka hazikuonekana.

"Labda hazikuamka," Rwegasira alisema.

Placidia alilikodolea macho wingu lile, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Daktari, nimerudia harusi ya Vero. Seli nyingi nimezipa rangi kali, chache nimezipa rangi hafifu, tena rangi zenyewe zinakaribiana. Mng'ao wa nyingi umezifunika chache."

Rwegasira, ambaye harusini alikula ndizi baridi, alielewa bila kuuliza.

Placidia akaanza upya. Seli zote akazipaka bluu iliyopoa, mbali kabisa na manjano. Manjano kali akaziwekea zilizoamka. Muda wa kungoja aliumaliza akizunguka maabara kama kuku anayetaka kutaga. Hatimaye nukta za manjano zikajitenga pembeni, kikundi chao peke yao, safi. Rwegasira alivua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Mashine haiendi popote," alisema.

Placidia alitoka nje na furaha imemjaa kifuani, akapiga simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Soda yangu?"

"Inakuja. Shangazi, leo nimekuvika manjano."



"Na nimeonekana?"

"Umeonekana kabla ya wote."

"Basi mwambie Vero tunarudia picha za harusi."