Sanaa ni Kumeza Tu

Siku ya kuchagua masomo, mwalimu wa taaluma alipanga meza mbili ukumbini. Meza ya sayansi ilikuwa na kitambaa na chupa ya maji. Meza ya sanaa ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na mwalimu aliutegemeza kwa kamusi. Foleni ya sayansi ilitoka nje ikafika vyooni. Ya sanaa ilienea kwenye kivuli cha meza, ikabaki nafasi.

Msichana waliyemwita Kwanini, kwa sababu isiyohitaji maelezo, alikwenda kwenye meza ya mguu mfupi.

"Wewe hesabu unaziweza," mwalimu alimwambia. "Huku umefuata nini? Huku ni kwa wenye midomo."

"Historia, mwalimu. Na jiografia, na uraia."

"Ili uwe nani?"

"Nataka kujua nani aliwahamisha akina bibi."

Mwalimu alikuna sikio kwa kifuniko cha kalamu, akatazama alichokitoa, akakipangusa kwenye suruali.

"Hilo haliko kwenye silabasi. Ila sikiliza, mwanangu, nikusaidie. Sanaa haina ugumu. Sanaa ni kumeza tu. Unameza, siku ya mtihani unatapika, basi, umefaulu."

Jioni hiyo Kwanini alianza na sura ya kwanza ya historia. Alichana ukurasa, akaukunja, akauloweka kwenye chai, akameza. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa akipinda kola ya shati la mteja.

"Umenawa mikono?"

"Nimenawa."

"Jalada usimeze. Kitabu cha shule hicho."

Historia iliteremka vizuri, vita hasa, maana vina chumvi. Jiografia ilikwaruza, na ilipofika kwenye milima ikabidi aisindikize kwa maji. Uraia haukuwa na ladha yoyote. Wajibu wa raia uliteremka wenyewe. Haki zake zilikwama kooni, mama akamgonga mgongoni mpaka zikapita.

Muhula ulipofika katikati, tumbo lilikuwa limejaa. Akicheua, treni ilipiga honi. Akijilaza ubavu, ziwa lilihamia upande huo na kitanda kikalalamika. Mama alimpeleka zahanati. Muuguzi aliweka sikio tumboni, akasikia watu wakigombania mpaka, akainuka.

"Wa sanaa huyu. Asile maharage mpaka mtihani upite."

"Basi?"

"Basi, mama. Shukuru. Wale wa sayansi wanakuja hapa wanatoa moshi."

Uzito haukuwa shida. Shida ilikuwa bibi.

Bibi mzaa mama alikuwa ameanza kusahau siku nyingi. Mambo yalimdondoka akiwa amekaa tu, leo jina la mtu, kesho mlango mzima. Kila kilichodondoka, Kwanini alikiokota na kukimeza kabla hakijafagiliwa. Ndivyo alivyopata kuwa na kijiji cha bibi tumboni, kile ambacho sasa kiko chini ya bwawa la umeme. Walikuwamo mawifi wawili waliotumia mlango mmoja na kununiana humo humo mlangoni. Alikuwamo yule bwana aliyeshikwa na kicheko misibani, ikabidi awe anakaa nje na viatu vya watu. Kilikuwamo kisima, na mwenye kisima. Bibi akiwataka majirani zake alimuuliza mjukuu, mjukuu akamsimulia, na bibi akacheka kama anayepewa umbeya wa jana. Zaidi ya hapo watu hao hawakuwa mahali popote.

Katika kitabu cha historia, kijiji hicho kilipewa sentensi moja: Wakazi walihamishwa ili kupisha ujenzi wa bwawa.

"Mwalimu," Kwanini aliuliza darasani, "walihamishwa na nani? Kwenye Kiswahili tumefundishwa, ukisema walihamishwa, mbele yake inakuja 'na'."

"Hiyo 'na' ni ya Kiswahili. Hii ni historia."

Darasa likacheka. Mwalimu naye alijisikia vizuri.

"Meza ilivyo," alisema. "Ukiongeza 'na' unakatwa alama."

Aliimeza ilivyo. Sentensi ile ilikwenda moja kwa moja hadi chini, ikakaa juu ya kile kijiji.

Mama aliona jinsi mtoto anavyotembea akiwa ameshika kiuno.

"Bibi yako humo umemweka wapi?"

"Chini kabisa. Nimempa pembe yake."

"Na siku ya kutapika?"

"Nitatoa ya mtihani. Ya bibi nitayazuia."

Mama alikuwa amewahi kubeba mimba, na mambo ya kutapika aliyajua. Alichukua wembe, akaachia mshono wa sketi ya shule kiunoni, kwa kuwa hilo ndilo aliloliweza.

Siku ya mtihani kila mtahiniwa alipewa karatasi na kitambaa cha kujifutia. Msimamizi alisema anzeni, wakainama. Zilitoka sababu za vita, zikatoka aina za mvua, yakatoka matawi ya serikali, moja likiwa limevunjika. Kwanini alitapika alichoulizwa, mkono mmoja tumboni, akiibana ile pembe. Lakini kutapika hakuna breki. Nyuma ya mikataba walifuata mawifi, wamenuniana vile vile, kisha bwana wa misibani, kisha kisima na ndoo yake. Wote walijipanga kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri wa kuunganisha.

Alinyoosha mkono.

"Hawa si wa mtihani. Naomba niwarudishe."

Msimamizi alikuja akatazama. Alikuwa mtu mstaarabu.

"Kilichotoka ndani ya chumba hiki ni mali ya mtihani," alisema. "Ungetaka kubaki nao ungewaacha nyumbani, kama simu."

Akawakusanya na wengine, akafunga bahasha.

Kwanini alifaulu kuliko wote. Kwa msahihishaji, mawifi walipigwa mstari mwekundu na kuandikiwa "nje ya swali", ila mengine yote yalikuwa sawasawa na kitabu, hadi nukta. Shule ilitundika bango getini. Mwalimu wa taaluma alitembea wiki nzima kifua mbele, ungedhani ndiye aliyetapika, na wanafunzi wapya walipokuja kuchagua masomo aliwaambia yale yale, tena sasa kwa mfano.

Mama alifunga cherehani, akapanda gari hadi ofisi ya mitihani. Karani alikuwa akila karanga.

"Naulizia karatasi za mwanangu. Kuna watu wetu humo."

"Karatasi zikishasahihishwa huwa hazikai, mama. Zimechomwa."

"Na nani?"

"Zimechomwa tu." Karani alimsogezea karanga. Mama akachukua, maana safari ya kurudi ilikuwa ndefu.

Alipofika nyumbani, bibi alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango, na Kwanini amesimama mbele yake na barua ya shule mpya mkononi.

"Hebu niambie," bibi alikuwa akisema, "mwenye kisima alikuwa nani vile?"

Kwanini alifungua kinywa. Ilitoka harufu ya wino.

"Sijui, bibi."

"Na wale mawifi, walipatana?"

"Mawifi gani?"

Bibi alimtazama usoni, kwanza kwa jicho moja, kisha kwa yote mawili. Hakukasirika.

"Nisamehe, mwanangu, siku hizi sishiki watu. Wewe ni wa nyumba gani?"

"Masomo ya sanaa, bibi. Nimechaguliwa kuendelea."

"Hongera sana."

Bibi akasogea, akampisha mahali. Wakakaa pamoja kwenye benchi, magoti pamoja, kwa adabu, kama wageni wawili wanaongoja mwenyeji atoke ndani.