Mayai Yaliyooshwa

Wifi yangu hawezi kuona kitu kichafu akakiacha. Mimi humwita Bi Usafi, naye huitika. Juzi mchana, nikiwa naanua nguo, kuku wangu anayeatamia alitoka kwenda kula. Wifi akachungulia kapuni, akaona mayai yana mistari ya mkaa. Akayatoa, akayaosha moja moja kwa maji ya vuguvugu, akayafuta, akayarudisha yanang'aa.

Mistari ile niliichora mimi. Kuku wengine wana tabia ya kumvamia mwenzao na kutaga humo humo. Lenye mkaa linaatamiwa, lisilo na mkaa naliondoa. Na yenye mkaa yote yalikuwa ya wifi mwenyewe, ya kishingo wake, kuku wa shingo isiyo na manyoya, aliyenyakuliwa na kicheche. Kuku yule hakuacha hata kifaranga. Mbegu yake yote ilikuwa mle kapuni.

Nilipomweleza, wifi alikaa chini palepale, vumbini, na gauni lake jeupe.

"Wifi, nimewaua?"

"Sijui. Ulitia sabuni?"

"Kidogo tu."

"Basi watatoka wananukia. Inuka, tukayamulike."

Tukayatia mayai kwenye beseni, tukaingia nayo stoo. Nikafunga mlango, nikaziba dirisha kwa gunia. Tochi niliisimamisha ndani ya kopo la maziwa, mfuniko wake nimeutoboa tundu. Yai ukilikalisha pale, upande mnene chini, linawaka lote.

La kwanza liliwaka jeupe, tupu.

"Hili la jana au leo," nikasema. "La kukaanga."

La pili, vilevile. Wifi akaanza kupumua kwa kelele. La tatu lilikuwa na duara jembamba la damu, basi.

"Limekufa. Lakini si wewe, hili lilikufa kitambo."

"Unanifariji tu."

"Mimi nikufariji wewe? Tangu lini?"

La nne lilijaa mishipa, myembamba kama mizizi ya mchicha uliong'olewa, na katikati kidoa cheusi. Kimetulia tuli. Wifi akanishika kiwiko. Hapo huharakishi wala hutikisi. Unalishika kwa ncha za vidole, unangoja. Nikangoja. Kidoa kikaruka.

"Kimenikonyeza!" Alipiga ukelele hadi kuku wa nje wakatawanyika.

"Kimekukimbia. Kimesikia habari za sabuni."

Yaliyofuata, mengi yalikuwa hai, na kila moja wifi alilisalimia. Tuliporudi, kuku alikuwa ameshalala kapuni, kwenye majani matupu, amevimba kwa hasira. Nikamwambia wifi ayarudishe mwenyewe: kiganja juu, mkono ukipita chini chini mpaka tumboni. Alidonolewa kila mara.

"Nidonoe tu, mama," akawa anasema. "Nidonoe, haki yako."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mlangoni kwangu, tochi mkononi.

"Tuwachungulie kidogo tu, wifi."

"Rudi kwako! Hata wewe ungekuwa umelala, ungependa ufunuliwe shuka kila saa?"

Hakurudi. Alivuta kigoda, akakaa karibu na kapu, anamlinda kuku asisumbuliwe. Na kuku, kila wifi akisogea, anavimba.