Swichi ya Pampu ya Bweni

Mzee Kengele alikuwa amesimama juu ya kiti akifungua balbu ya sebuleni, mkuu mpya wa shule alipoingia bila hodi. Hakutoa shikamoo. Alikuwa mwanamke aliyejifunza kusoma katika shule hiyohiyo ya kisiwani, na mzee huyo aliyesimama kitini ndiye aliyemfundisha. Alimtazama anavyoizungusha balbu, kisha akasema, "Mwalimu, maji hayatoki bwenini."

"Kwani mimi fundi bomba?"

"Swichi ya pampu imeng'olewa ukutani. Zimebaki nyaya tu."

"Pampu ile nilipewa na kaka yangu," alijibu mzee bila kugeuka. "Alinipa mimi, hakuipa shule. Shukuru sikuichukua yote."

Mkewe alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku lake la nguo. Wanafunzi walimwita Mama Uzi, kwa kuwa aliwafundisha ushonaji. Alisikia kila neno, akaendelea kukunja gauni lilelile alilokwisha kulikunja. Asubuhi, alipokuwa akitafuta nafasi ya viatu, vidole vyake viligusa kisanduku kigumu kilichoviringishwa ndani ya taulo, chini kabisa ya nguo. Mumewe hakumwambia kitu. Hakuona haja, tangu lini mkono wa kulia ukauomba ruhusa mkono wa kushoto?

Walikuja kisiwani wangali vijana, wametumwa na misheni kuendesha shule isiyokuwa hata na paa. Waliijenga chumba baada ya chumba, mvi zikawaotea hapohapo. Misheni ilipoamua kwamba sasa wapumzike, na shule ishikwe na mtu wa hapo, mzee alizipokea habari hizo kama aliyetemewa mate usoni. Ndipo alipoanza kuchukua. Alianza na mapazia, yakafuata makufuli, vitasa vya milango, kioo cha bafuni. Kila kitu kilikuwa na hadithi ya jinsi alivyokinunua kwa jasho lake au alivyopewa na nduguze, na kila hadithi ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomchosha Mama Uzi. Angekuwa mwongo, ingekuwa rahisi kumpinga.

"Tangu jana wasichana wanateka maji kisimani kule bondeni," mkuu mpya alisema. "Mchana huu mmoja ameteleza na ndoo, amevunjika mkono. Yuko zahanati."

Mzee alishuka kitini taratibu. Aliifunga balbu ndani ya gazeti, akailaza katika boksi pamoja na balbu nyingine.

"Wanafunzi sasa ni mzigo wako," alisema. "Uliutaka, umeupata."

"Sikuitaka nyumba yako."

"Ulikuja kupima madirisha nami bado nafunga mizigo."

"Nilipima kwa sababu umechukua mapazia."

Mama Uzi nusura acheke.

"Ulisimama mbele yetu kila asubuhi," mkuu mpya aliendelea, sauti yake sasa imepoa, "ukituambia hapa hakuna cha mtu, vyote ni vya Mungu na vya shule. Nilikuamini. Niliacha kazi ya mjini kwa ajili ya maneno hayo. Nenda salama, Mwalimu. Ila swichi naitaka kabla boti haijaja."

Mama Uzi alimchukia wakati huo. Alimchukia kwa jeuri yake, na kwa kuwa hakuna mwalimu hata mmoja aliyefika kuwaaga. Huyu ndiye msichana ambaye yeye alimshika vidole akimfundisha kutunga uzi sindanoni. Maneno ya kumjibu yalikuwa tayari ulimini: ndivyo mwalimu alivyoamua, mwanangu. Alikuwa ameyasema miaka yote, kwenye mlango wa jikoni, kwa kila msichana aliyekuja kumwomba amwombee jambo kwa mzee. Aliyasema kwa upole, nao walimshukuru kwa upole huo, wakaondoka mikono mitupu. Yeye aliuhesabu upole huo kuwa ndio utumishi wake.

Aliingiza mkono chini ya magauni, akatoa kisanduku cha swichi, akaliondoa taulo.

"Mke wangu," mzee alisema.

Mama Uzi hakumtazama. Alimkabidhi mkuu mpya kisanduku. "Mwite fundi aifunge kabla giza halijaingia."

Mwanamke yule alikigeuzageuza kisanduku. "Kilikuwa sandukuni mwako?"

"Ndiyo."

"Ukijua?"

"Tangu asubuhi."

"Yule mtoto ameanguka mchana."

Mkuu mpya alitoka na kisanduku. Mama Uzi alibaki na taulo mkononi. Alikuwa ametarajia asante, na aibu ya kuitarajia ilimchoma kuliko kunyimwa.

"Umeniuza," mumewe alisema.

"Ningekuuza asubuhi," alijibu, "huyo mtoto angekuwa mzima."

Njiani kuelekea gatini Mama Uzi alimwomba dereva wa gari lililowabeba asimame zahanati. Mzee hakushuka. Ndani, mama wa msichana alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akiushikilia mkono wa mwanawe uliofungwa plasta.

"Tunashukuru kwa kuja, Mama," alisema, "lakini amelala."

Msichana alikuwa macho, akimtazama. Mama Uzi aliitikia kwa kichwa, akatoka.

Boti ilikuwa imejaa. Baharia aliyekuwa akipanga abiria aliwasimamisha mlangoni. "Kuna viti viwili pamoja kule nyuma, penye moshi. Au mmoja akae mbele, mwingine juu. Mko pamoja?"

Siku zote mzee ndiye aliyekuwa akijibu kwa niaba ya wote wawili. Safari hii alilikumbatia boksi lake la balbu, akatazama maji. Mama Uzi aliona jinsi shingo yake ilivyokonda ndani ya kola.

Nyuma yao watu wenye mizigo walianza kusukumana.

"Mama," alisema baharia, "nakungoja wewe."