Mdhamini wa Jengo la Norfolk

...na kama kutia sahihi ni kazi ya mchana kutwa basi mtu angesema mapema, angefunga chapati kwenye karatasi, maana wakili alikuwa amefika kifungu cha nne tu na dirishani Östermalm, mtaa wa matajiri wa Kiswidi, ulikwisha kuingiwa na giza lake la saa tisa alasiri, giza la Novemba ambalo halina aibu, na kalamu ilikuwa mkononi mwa Spéciose tangu kifungu cha kwanza, kalamu nzito ya watu wasiowahi kuazima kalamu, hakuna aliyemwambia aishike na hakuna aliyemwambia aiweke, "Mdhamini atawajibika kwa deni lote la kampuni," wakili alisoma, kwa Kiingereza cha polepole kama anayemlisha mgonjwa uji, kisha akainua macho, "Tuko pamoja, Bi Spéciose?", naye akaitikia kwa kichwa, tuko pamoja, wawe wapi pengine, mlango umefungwa na mumewe Gratien, baba Raïssa, yuko nje kwa amri ya benki... hilo ndilo lililomchekesha tangu barua ilipofika, benki ya Uingereza, ambayo haijawahi kumwona hata kisigino, iliandika kwamba mke wa mkopaji lazima aelezwe mambo peke yake, na wakili wake mwenyewe, mume asiwepo chumbani, ili ijulikane hashurutishwi, na Gratien aliisoma barua ile mara mbili jikoni akacheka mpaka akashika sinki, "Wazungu bwana! Wanadhani nimekushikia fimbo, mama Raïssa," naye akamjibu, "Fimbo ya nini, na mchungaji unaye," akacheka zaidi, hakusikia kitu kilichokuwa ndani ya maneno yale, au alisikia akakiruka kama mtu anavyoruka dimbwi akiwa na viatu vya kanisani... "Kifungu cha tano," alisema wakili, Mwingereza aliyeolewa na Mswidi, mwanamke mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani kama akiba, na mbele yake kulikuwa na ile ripoti ya mthamini wa jengo wanalotaka kununua, kurasa arobaini, Spéciose aliisoma yote usiku tatu mfululizo kwa sababu yeye husoma kila kitu, hata karatasi ya dawa ya kikohozi, na aliifurahia kuliko alivyopaswa, choo cha ghorofa ya kwanza kilipewa sentensi tatu na bahari sentensi moja, kwamba bahari iko mita mia mbili kutoka jengoni "kufikia tarehe ya ukaguzi," kufikia tarehe ya ukaguzi! kana kwamba bahari yenyewe ni mpangaji na mkataba wake unaisha, alitamani sana kumsomea mtu sentensi ile lakini angemsomea nani, Raïssa aliitazama picha ya jengo akasema kwa Kiswidi, "Men mamma, kwa nini hatununui tunapokaa?" na kurudi kwenye simu yake, na Gratien siku hizo hakuwa mtu wa kusomewa, alikuwa mtu wa kupongezwa... duka la samaki na chipsi chini, vyumba viwili vya kupanga juu, mji mdogo wa pwani katika Norfolk, pauni laki mbili na arobaini elfu, akiba ya familia tano, zilizoungana kuwa kampuni moja chini ya Gratien, kama malipo ya kwanza na benki ingetoa yaliyobaki, na yote haya yaliletwa na shemeji Firmin, mdogo wake Gratien, aliyefika Uingereza kukata batamzinga kiwandani na baada ya semina mbili za Jumamosi akaanza kuongea kama brosha, sauti yake ikitoka kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza kama bakuli la mboga, "Shemeji, Norfolk ni dhahabu iliyolala, huku pwani, huku mashamba, na matajiri wa London wanakuja wenyewe," "Na wapangaji, shemeji?" "Watalii kila kiangazi, foleni mpaka barabarani!" "Na wakati wa baridi?" "Ah, shemeji, wakati wa baridi hata samaki hupumzika," wakacheka wote, naye akacheka, ndivyo mtu anavyonaswa, kwa kucheka pamoja na wenzake... "Benki haitalazimika kuanza na jengo," wakili alikuwa anasema, kifungu cha saba au cha nane, "inaweza kuja kwako moja kwa moja, kwa fleti yako, kabla hata ya kuuza jengo, hili nataka ulielewe vizuri," na Spéciose aliielewa fleti yake vizuri kuliko Kiingereza chochote, vyumba vitatu, ghorofa ya sita, Hallunda, dirisha la jikoni linatazama barabara kuu na magari yake, si kitu cha kuweka kwenye kalenda, lakini ni mlango wa kwanza katika maisha yake ambao ufunguo wake hakuna aliyemwambia atauacha kwa nani akiondoka, kambini hapakuwa na mlango, kule hosteli ya Upplands Väsby ufunguo ulikuwa na namba na faini, kule Rinkeby walipanga kwa mtu aliyepanga kwa mtu na kila hodi ilikuwa ya mwenye nyumba, mpaka mwaka elfu mbili na moja alipoinunua fleti hii kwa mshahara wa mwalimu wa lugha ya mama, mwalimu anayezunguka shule sita na mkoba mmoja kuwafundisha Kiswahili watoto wanaomjibu kwa Kiswidi, na fleti iliandikwa jina lake pekee kwa sababu jina la Gratien lilikuwa limeingia kwenye orodha ya wadaiwa tangu duka lao la unga na dagaa lilipofungwa, kwa hiyo leo ni yeye mwenye jina safi, jina safi ni kama shuka nyeupe, kila mgeni anataka kulilalia... na hakuulizwa, hilo ndilo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki kwa miezi miwili, hakuulizwa, Jumapili ile ya Septemba alitoka jikoni na sambusa akakuta picha ya jengo imeegemezwa kwenye televisheni na mkono wa mchungaji uko juu yake, watu ishirini na wawili wamefumba macho, "Bwana, tunakushukuru kwa nyumba hii uliyotupa Norfolk," uliyotupa! wakati benki haijatoa hata bahasha, na baada ya amina vikaja vinywaji, na kwao jambo likishanywewa halirudi nyuma, mahari hunywewa, shamba hunywewa, ugomvi ukiisha hunywewa, anayegeuka baada ya hapo amewatemea wanywaji wote usoni, ila hawa ni walokole, walichonywa ni Fanta na bia isiyo na kilevi, na hata pale pale, sinia mkononi, alijiuliza kama ahadi iliyonywewa Fanta inafunga sawa na iliyonywewa pombe ya ndizi, ni swali zuri la sheria, huyu mama mwenye miwani miwili angelipangia saa ngapi... lakini wote walikuwa wakimtazama, mama Raïssa, mdhamini wetu, akanywa, alikunywa ile Fanta, hilo haliwezi kukanwa... na wiki hiyohiyo kwenye habari wakaonyeshwa wazee wa Kiingereza wamejipanga nje ya benki yao, na viti vya kukunja na chupa za chai, wanataka pesa zao, na Gratien akasema, "Hao wanakwenda kubadilisha chenji," akaweka mpira... "Kifungu cha kumi na moja," alisema wakili, akauvua mmoja wa ile miwani, "kabla hatujaendelea nataka kuwa mkweli kwako, cheti nitakachotia sahihi mimi ni kwa ajili ya kuilinda benki, si wewe, ukishatia sahihi mbele yangu hutaweza kusema baadaye kwamba hukuelewa," na Spéciose akamtazama kwa heshima mpya, maana hii ilikuwa kazi safi, kutojua ndio mlango wa uani wa maskini duniani kote, sikujua mheshimiwa, sikusoma mheshimiwa, na hapa kuna mtu analipwa kwa saa ili aje aukomee mlango ule kwa adabu na chai ya maziwa, "Na nisipotaka?" aliuliza, akashangaa kusikia sauti yake, "Usipotaka, naiandikia benki kwamba siwezi kuthibitisha, basi, sitoi sababu, kwa benki wala kwa mumeo," sitoi sababu... lo, maneno matamu kiasi gani, karibu ayalambe, angetoka pale na uso wa msiba aseme, baba Raïssa, Waingereza wamekataa, karatasi zao, unawajua, na angewalaani Waingereza mpaka kufa, na kanisa lingewalaani, na sambusa zingeendelea kukaangwa... "Tumalizie marejesho," wakili alifunua ukurasa, "malipo ya kila mwezi ni pauni elfu moja na hamsini, na hayo ni riba peke yake, deni lenyewe halipungui, mwisho wa miaka mitano benki itadai laki moja na sitini na nane elfu zote kwa mkupuo, hapo itabidi muuze au mpate mkopo mwingine, kama utapatikana," "Zote?" "Zote," "Hata kama hatukuwahi kuchelewa?" "Hata kama hamkuchelewa siku moja," na kitu fulani ndani ya Spéciose kikasimama kama lifti, kwa sababu kwenye friji yao, chini ya sumaku yenye umbo la jogoo, kuna karatasi ya Gratien ya mwezi Septemba, 1,050 × miezi 60, na chini yake kwa kalamu nyekundu, Desemba 2012, LETU, amelipigia mstari mara mbili, na kila siku kwa miezi miwili yeye amefungua friji hiyo akatoa maziwa akafunga, elfu moja na hamsini mara sitini ni elfu sitini na tatu, mtoto wa darasa la nne anajua ni elfu sitini na tatu, na elfu sitini na tatu haziwezi kulipa laki moja na sitini na nane hata zikiombewa na mchungaji kwa kufunga, na hakuna aliyezidisha, watu ishirini na wawili na hakuna aliyezidisha, walikuwa wanaimba, na yeye mwalimu, yeye anayesoma karatasi ya dawa ya kikohozi, hakuzidisha kwa sababu alikuwa na kazi nyingine, kazi ya kuonewa, ilimchukua muda wake wote... basi Gratien hakumficha, alijiambia miezi miwili kwamba mume wake ni mjanja, anajua kila kitu na anamvuta yeye kama kamba, na kumbe mjanja hakuwepo, Firmin alisema mkopo wa miaka mitano, na kwa Gratien mkopo wa miaka mitano ni ule unaokwisha ikiisha miaka mitano, kama kahawa ya baba yake, ulipe ushirika msimu wa tano, miti ni yako, na zile hati za Kiingereza aliziitikia tu, Spéciose analijua lile itikio, kichwa upande, "yes, yes, exactly," ni itikio la mtu anayetembea gizani nyumbani kwa watu, na benki ikamwekea mke wakili ili aelezwe, na mume nani amemweleza, hakuna, sheria nzima ya Waingereza imekaa kumlinda yeye dhidi ya Gratien, na Gratien yuko nje kwenye kochi, hajui... na yeye aliwahi kuitikia hivyo pia, mwaka wao wa kwanza, yule kijana wa mauzo mlangoni, ja, ja, tack, akatia sahihi, na mwezi uliofuata ikaja bili ya bima ya mbwa, bima ya mwaka mzima, mbwa hawana, alilia juu ya bili ile kwa aibu, mwalimu mzima, na Gratien hakucheka, hakumwambia mtu mpaka leo, wala Firmin, alikaa asubuhi tatu karibu na simu na kamusi mapajani akirudia Kiswidi chake cha mawe, "Vi har ingen hund, sisi hapana mbwa, mama, hapana mbwa," mpaka wakaifuta... simu ikatetemeka mfukoni, ujumbe wa Gratien, Bado?, na kabla hajairudisha mfukoni ukaingia wa pili, Uliza kama tunaruhusiwa kupaka rangi, nimependa ile ya bluu... na mpaka hapo hasira ilikuwa imemtosha, kwa hasira mtu anaweza kutia sahihi na kwa hasira mtu anaweza kukataa, lakini kwa bluu mtu anafanya nini, na ule mlango wa wakili, sitoi sababu, ulikuwa bado wazi, apite, amwachie mume wake heshima yake yote na asimwambie kamwe, na awe anailipia siri hiyo kama riba kila siku ya Mungu mezani, kitandani, kanisani, miaka mitano, kumi, na deni lenyewe pale pale... nyuma ya ukuta alisikia sauti yake, anamweleza msichana wa mapokezi kwa kile Kiswidi cha mawe, "Fem år! Miaka mitano tu, halafu yetu!" na msichana, kwa adabu, "Så roligt," inafurahisha kweli, na kicheko cha Gratien, kikubwa, cha mtu aliyekwisha kufika... "Bi Spéciose," wakili alisema, "una swali lolote kabla ya kutia sahihi?", na kalamu ilikuwa palepale juu ya karatasi, na giza palepale, na jengo la Norfolk palepale mita mia mbili kutoka majini, na yeye alikuwa anatafuta, katika lugha tano, namna ya kumwambia mtu mzima kwamba hesabu yake ni mbovu bila kumvua nguo, watoto aliwaambia hivyo miaka kumi na tisa, huwa hasemi umekosa, huvuta kiti, hukaa ubavuni si mbele, husema hebu tuzidishe pamoja, mimi pia sikuzidisha... na pale kando yake kulikuwa na kiti cha pili, cha mume, kitupu kwa amri ya benki, ambacho tangu aingie alikuwa amekikalisha mkoba wake, na mkono wake wa kushoto, usio na kalamu, ukaenda ukaushusha mkoba sakafuni.