Kindi Aliyeangushwa na Mwewe

Nilisikia kwenye mashine ya kusaga kwamba mtaa wa juu kuna mtoto amezikwa, na kilichomuua ni kindi. Wenzangu walicheka. Mimi nilirudi nyumbani habari hiyo imenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Kazi yangu ni kukaanga karanga na kuzifunga. Uani kwangu maganda hayaishi, na kindi nao hawaishi. Wanakula karanga, punje za mahindi, mbegu, matunda. Nimewahi kumwona mmoja akifyonza yai la ndege kama mtoto na chupa. Na walipo kindi, mwewe haendi mbali, nyoka naye hupita.

"Kindi aue mtu?" mume wangu, seremala, alinicheka. "Mama Chiriku, kesho utaniambia umekimbizwa na jongoo."

Chiriku ni binti yetu. Tulimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haupumziki. Basi asubuhi moja aliamka kimya, mwili unachoma kama kikaango, anachechemea.

Wifi yangu, tunayekaa naye, alimpapasa uvimbe kinenani. "Mtoki tu huu, wifi. Atakuwa na kidonda mguuni. Lete maji moto nimkande, jioni utamkuta anaruka."

Nyumbani kwetu mtoki ni wa kukandwa, maana watoto wanatembea pekupeku. Nikaleta maji. Kitambaa kilipomgusa tu, mtoto alipiga yowe. Nikaishika miguu yake, nikaigeuza, nikatenganisha kidole na kidole. Hakuna kidonda. Hata mchubuko hakuna.

Nikamkumbuka yule mtoto aliyezikwa. "Mwanangu, umeshika nini?"

Akageuzia uso ukutani.

"Sema, sikupigi."

"Kindi. Mwewe alimdondosha. Alikuwa bado anapumua, mama. Nikamfunika na sketi. Akafa, nikamzika nyuma ya maganda."

Kitambaa kilimdondoka wifi.

Seremala aliacha randa juu ya ubao, akambeba mtoto mgongoni, tukatoka mbio kwenda hospitali. Hakuwa na mzaha tena. Njiani Chiriku aliniita shangazi, kisha akaniita mwalimu. Nilizidi kumsemesha, nikiogopa akinyamaza hatasema tena.

Daktari aliposikia kindi na mtoki kwa pamoja, alivaa glavu. "Inaweza kuwa tauni. Mnyama akifa, viroboto wake hutafuta mwili mwingine wenye joto. Dawa ipo, ila haitaki kucheleweshwa."

"Atapona?" mume wangu akauliza.

"Ngojeni dawa ifanye kazi."

Akamtoa damu ya kupima, akamchoma sindano, na sisi sote tukapewa vidonge vya kinga. Nilikaa namtazama kifua kikishuka, nikiogopa hakitapanda. Joto lilipoanza kupungua akafumbua macho. "Mama, nilimzika vizuri?" Nilimkumbatia nikilia.

Majibu ya damu yalisema ni tauni kweli, lakini Chiriku amepona. Kindi bado wanapita ukutani, na nikiwaona humwita Chiriku ndani. Wewe mwenye mtoto, shika haya:

Usimwache amshike kindi, mzima wala mfu. Na wewe usimguse kwa mkono mtupu.

Usimlishe kindi mkononi. Anauma.

Usirundike maganda na makombo karibu na nyumba.

Usile karanga wala tunda alilolitafuna. Mkojo wake nao unaweza kuwa na maradhi.

Usikande mtoki wenye homa. Nenda hospitali.

Usimfiche daktari mnyama uliyemshika.

Usimtishe mtoto kwa fimbo hadi aogope kukuambia.